Njia ya miguu ya Delicate Arch, Utah: kilomita tano juu ya mwamba mtupu

Nyota nne kati ya tano. Iliyokatwa ni adhabu ya msongamano wa jioni, na ya kutokuwepo hata tone la maji ya kunywa pale njia inapoanzia. Katika nne zilizobaki, tatu ni za mwamba unaopandwa kabla Delicate Arch, tao la asili la jiwe, halijaonekana.

Hilo litawashangaza wengi, maana picha ya tao imetangulia mbele ya kila mgeni. Imo hata kwenye vibao vya namba za magari vya jimbo la Utah: tao jekundu limesimama peke yake. Watu hupanda kwa pupa, wanapiga picha ile ile, wanashuka, kisha wanalalamika kwamba wamechoka bure. Njia hii inataka mtu anayetazama anapokanyaga.

Tao liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arches, mashariki ya Utah. Mlango wa hifadhi uko kilomita 8 kaskazini ya mji mdogo wa Moab, kando ya barabara kuu namba 191. Kwa wale Waswahili wa Salt Lake City, waliotoka Kongo, Burundi na kwingineko, ni mwendo wa gari wa saa nne hivi. Anayetua na ndege Grand Junction, Colorado, atatumia chini ya saa mbili. Gari binafsi hulipa dola 30, na risiti hutumika siku saba kwa wote waliomo. Familia ya watu sita ikijibana kwenye gari moja, ni dola tano kwa kichwa, na kwa kilichomo humo bei hiyo ni ya kutupwa. Itunze risiti: ukiamua kurudi kesho asubuhi badala ya kulazimisha leo mchana, hulipi tena, na uamuzi huo ndio huwaokoa watu wengi na jua.

Angalia tovuti rasmi ya hifadhi kabla ya kufunga safari. Mwaka 2022 ilianza kutaka wageni wakate mapema nafasi ya saa ya kuingia katika miezi yenye watu wengi, na kanuni za aina hiyo hubadilika. Hata pasipokuwa na sharti hilo, siku za sikukuu na wikiendi za machipuko maegesho hujaa, na askari wa hifadhi wakiona hakuna pa kuweka gari huwarudisha watu mlangoni.

Ndani ya hifadhi hakuna mgahawa wala duka la vyakula. Kilichopo ni kituo cha wageni, karibu na mlango, chenye vyoo, ramani na bomba la maji. Jaza chupa hapo, zote, hata kama unajiona umebeba ya kutosha. Kutoka hapo utaendesha kama kilomita 19 kwenye lami, uingie kulia, kisha kilomita 2 hivi mpaka maegesho ya Wolfe Ranch. Tenga nusu saa, kwa sababu barabara inapanda kwa kona na madereva hupunguza mwendo ghafla kila jiwe la ajabu linapojitokeza. Wolfe Ranch ina vyoo vya shimo, safi kwa kiasi chake. Mbele ya hapo hakuna choo, hakuna maji, na kivuli ni cha kuokoteza.

Njia yenyewe ni kama kilomita 5 kwenda na kurudi. Kutoka chini mpaka juu ni mita 150 hivi, na zaidi kidogo ukihesabu kila kibonde unachoshuka na kukipanda tena. Mwinuko wa mahali kutoka usawa wa bahari unakaribiana na wa Arusha, kwa hiyo hewa nyepesi si tatizo kwa watu wengi. Tatizo ni ukavu. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 250, na jasho hukauka kabla hujalihisi. Mtu anafika juu shati halijalowa, anadhani hajapoteza maji, kumbe kichwa kinachomgonga ni dalili tosha.

Hifadhi inashauri kila mtu abebe angalau lita mbili kwa njia hii. Lita mbili hizo ni za watu wazima wakati wa ubaridi. Juni mpaka Agosti beba tatu na uache nyingine ndani ya gari. Anza kunywa ukiwa bado barabarani, na ukifika nusu ya maji yako hujaliona tao, geuka. Beba pia kitu chenye chumvi, karanga za kukaanga au bisi, maana maji matupu kwa wingi huku jasho likitoka huleta kichefuchefu na udhaifu ambao mtu huudhani ni kiu zaidi, akaongeza maji. Aliyefunga Ramadhani asipande mchana wakati wa kiangazi. Aende alfajiri amalize mapema, au asubiri siku nyingine. Risiti ni ya siku saba.

Vaa kofia pana. Kanga au kitenge kilichotupwa begani kinafaa kuliko mafuta ya kuzuia jua peke yake, kwa kuwa mwamba unarudisha mwanga kutoka chini na kuunguza kidevu na nyuma ya masikio, sehemu ambazo kofia haizifikii. Kilowanishe maji kidogo ukiweke shingoni wakati wa kupanda. Ila kifunge vizuri kabla ya kufika juu, kwenye upepo, kisije kikakuziba macho mahali pabaya.

Mwanzo wa njia una kibanda cha magogo ambacho watu hupita bila kukitazama. Ni cha John Wesley Wolfe, askari mstaafu wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, aliyekuja hapa mwaka 1898 kutoka Ohio na mwanawe, mguu wake ukimsumbua, kutafuta hewa kavu. Waliishi kwenye kibanda kibovu mpaka binti yake, Flora, alipofika na familia yake mwaka 1906, akaona makao yale, akadai nyumba yenye sakafu ya mbao. Akajengewa, ndiyo hii. Familia iliondoka mwaka 1910. Ukisimama hapo dakika mbili na kulitazama bonde, utajiuliza ng'ombe wao walikula nini.

Baada ya kibanda kuna daraja la miguu juu ya kijito cha Salt Wash, na mara tu baada yake kichochoro cha kushoto kinachokwenda kwenye ukuta wenye michoro ya Wayute, wenyeji wa asili wa eneo hili: wapanda farasi, kondoo pori wenye pembe za kujikunja, na wanyama wanaofanana na mbwa. Ilichongwa kati ya mwaka 1650 na 1850. Farasi waliletwa na Wahispania, kwa hiyo kabla ya hapo isingewezekana. Usiiguse. Mafuta ya vidole hubaki ndani ya jiwe na kulibadilisha rangi. Kichochoro hiki kinazunguka na kurudi kwenye njia kubwa, kinaongeza hatua chache tu. Kipite wakati wa kwenda, kwa sababu wakati wa kurudi hakuna mwenye hamu ya kuzunguka.

Kama mita 800 za mwanzo ni njia pana ya changarawe iliyobanwa vizuri, inapanda na kushuka taratibu. Hapa ndipo kosa la kwanza hufanyika: watu huona wepesi, wanakaza mwendo, wanatumia nguvu na maji yao kwenye sehemu isiyodai chochote. Nenda polepole, mwendo wa kuweza kuzungumza bila kukata maneno.

Kisha changarawe inakwisha na mbele yako kunalala mteremko mmoja mkubwa wa jiwe la mchanga, mtupu, bila ngazi, bila kamba, bila mstari wa kufuata. Ukitazama juu utaona watu wadogo wadogo wakitambaa kuelekea angani. Hapa ndipo njia inapoanza kweli kweli. Huu ni mwamba wa Entrada, wa zama za Jurasiki, mchanga ambao sehemu yake kubwa ulikuwa vilima vya jangwa vilivyosukumwa na upepo, kisha ukafunikwa, ukashindiliwa na kugandishwa kwa chokaa. Wekundu ni kutu ya chuma iliyozizunguka punje. Tafuta mahali mwamba ulipokatika ubavuni: utaona mistari iliyolala upande, tabaka juu ya tabaka, kila seti ikikata ile ya chini yake. Hiyo ni migongo ya vilima vya kale, na mwelekeo wa mistari unaonyesha upande ambao upepo uliusukuma mchanga. Anayejua kusoma hilo hapati uchovu wa kupanda. Ana sababu ya kusimama kila hatua hamsini, na hiyo ndiyo kasi sahihi.

Kuhusu mguu. Mwamba mkavu unashika soli kama msasa, na mtu mwenye raba za kawaida zenye soli ya mpira isiyolika anapanda bila shida. Buti nzito si lazima. Kinachoangusha watu ni mchanga uliolegea juu ya mwamba. Punje hizo zinabingirika chini ya soli, na mguu unaondoka. Zinajikusanya kwenye vidimbwi vikavu, kwenye mikunjo, na palipopitwa na miguu mingi, yaani katikati ya njia ambayo kila mtu anaifuata. Hama pembeni hatua moja, kanyaga mwamba msafi. Weka wayo wote chini, usipande kwa vidole. Kwenye kushuka piga hatua fupi, piga magoti kidogo, na usiegemee nyuma kwa kuogopa, kwa sababu uzito ukihamia kisiginoni ndipo soli inapoteleza. Kaza kamba za viatu kabla ya kushuka, la sivyo kucha za vidole gumba zitalipa. Ndala, hapana. Makubadhi yenye mikanda yanawezekana kwa aliyeyazoea, mradi avumilie kokoto na miba ya dungusikakati karibu na njia.

Mwamba uliolowa ni habari nyingine. Maji yanalegeza kile kinachoshikanisha punje, uso wa jiwe unakuwa dhaifu na unateleza. Majira ya baridi huja barafu, na hukaa zaidi kwenye ule ujia wa mwisho nitakaouelezea, ambako jua halifiki kwa muda mrefu. Kuanzia Desemba mpaka Februari nunua au azima vile vyuma vya meno vinavyovalishwa juu ya soli kwa mpira. Ukiambiwa kwenye kituo cha wageni kwamba juu kuna barafu na huna vyuma, usijipige kifua.

Juu ya mteremko njia inaonyeshwa kwa vijirundo vya mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine. Kanuni ni rahisi: usiondoke kwenye kijirundo ulichopo mpaka uwe umekiona kinachofuata. Mchana inatosha. Usiku haitoshi, na hapa hifadhi ingestahili kufanya zaidi. Mwanga wa tochi hufanya kila jiwe lifanane na alama, na wanaoshuka baada ya jua kuzama huvutwa kulia au kushoto ya mteremko mpaka wajikute kwenye ukingo usioteremkika. Usijenge kijirundo chako cha kupigia picha. Kitampoteza mwingine.

Mwamba ukishalala, njia inapita kwenye mifereji yenye mchanga na mireteni ya Utah iliyojipinda. Huu ndio udongo unaopaswa kuuogopa kuukanyaga. Ule wenye rangi nyeusi nyeusi na vinundu juu yake ni hai: vijidudu viitwavyo sayanobakteria, kuvu na mwani vimeushona mchanga pamoja, vinazuia upepo kuupeperusha na vinahifadhi unyevu wa mimea. Unyayo mmoja huharibu kazi ya miaka mingi sana. Kaa kwenye mwamba au kwenye mkondo wa mchanga uliokwisha kupitwa. Vidimbwi vya maji ya mvua juu ya mwamba navyo visiguswe, hata kwa kunawa mikono. Ndani yake mna viumbe wadogo wa jamii ya uduvi ambao mayai yao hustahimili ukame mrefu yakisubiri mvua, na mafuta ya ngozi yakiingia humo yanawaua.

Halafu ujia. Mita 180 hivi za mwisho zimechongwa ubavuni mwa mwamba, ukuta upande mmoja na mteremko mkali upande wa pili, bila ukingo wa chuma. Upana unatosha watu wawili kupishana kwa adabu. Mwenye kizunguzungu cha urefu ashike upande wa ukuta, atazame hatua tatu mbele, na amwombe anayeshuka apite upande wa nje, hakuna atakayekataa. Watoto washikwe mkono hapa, si kuitwa kwa sauti. Mtoto mchanga abebwe mgongoni kwa mbeleko iliyokazwa, kwa sababu ukimbeba kifuani huoni miguu yako wakati wa kushuka. Kigari cha mtoto hakifiki hata nusu ya njia. Upepo ndio hatari halisi ya ujia huu: ukivuma kwa vipindi, simama, egemea ukuta, subiri upite.

Juu kidogo ya ujia, upande wa ukuta, kuna tundu la mwamba linaloitwa Frame Arch. Kulifikia unapanda hatua chache zenye mwinuko mkali, na kutoka ndani yake tao kubwa linaonekana limezungushiwa fremu ya jiwe. Wepesi wa miguu wapande, wengine waache. Hukosi kitu, kwa kuwa hatua chache mbele ukuta unakatika na tao liko mbele yako, lote kwa mara moja. Aliyeipitisha njia hapa alijua kazi yake: kwa kilomita mbili na nusu hujaliona hata kipande.

Uwazi wake una urefu wa mita 14 na upana wa mita 10. Linasimama kwenye ukingo wa bakuli kubwa la mwamba, na upande wa nyuma kuna genge. Kabla halijawa tao lilikuwa sehemu ya ukuta mwembamba wa jiwe. Chini kabisa ya eneo hili limelala tabaka nene la chumvi, lililoachwa na bahari iliyokauka kama miaka milioni 300 iliyopita. Chumvi ikigandamizwa hutiririka polepole. Ilipohama, mwamba wa juu ulipasuka kwa nyufa sambamba, maji na barafu vikaingia, vikayeyusha chokaa, zikabaki kuta. Kuta zikatobolewa. Matao zaidi ya 2,000 yameorodheshwa katika hifadhi hii, na hayadumu: Wall Arch lilianguka usiku wa Agosti 2008, na mwaka 1991 kipande kikubwa kilimeguka kutoka Landscape Arch wakati wageni wako karibu. Miaka ya 1950 watu wa hifadhi walifika hata kufikiria kulipaka Delicate Arch dawa ya plastiki ili lisimomonyoke. Shukrani kwa Mungu hawakufanya.

Kulikwea tao ni marufuku, kama matao yote yenye majina humu. Sheria ilikazwa baada ya mkwea miamba mmoja kulipanda mwaka 2006. Ndege zisizo na rubani ni marufuku pia. Kuchora jina kwenye jiwe ni kosa la kufikishwa mahakamani, na jiwe la mchanga ni laini kiasi kwamba hata ufunguo unaacha alama isiyofutika. Kwenda chini ya tao inaruhusiwa. Inakubidi uzunguke bakuli kwa juu, na hapo ndipo vitu hupotea: chupa, kofia, simu na vifuniko vya kamera vikianguka hubingirika mpaka chini ya bakuli. Viache viende. Kupanda kurudi kutoka humo ni kugumu kuliko kunavyoonekana.

Sasa saa. Nuru nzuri ya tao ni ya jioni. Jua likishuka linaupiga upande unaoutazama, na jiwe linawaka. Kwa sababu hiyo umati wote huja jioni, wanakaa kwenye ukingo wa bakuli kwa safu, na ole wake anayebaki chini ya tao akijipiga picha kwa dakika tano. Atazomewa kwa lugha kumi. Kisha wote wanashuka pamoja gizani, nusu yao wakitumia taa ya simu, ambayo inaumaliza umeme wa simu na kuushughulisha mkono mmoja unaohitajika kujishikiza. Ukitaka jioni, anza kupanda saa mbili na nusu kabla ya jua kuzama, uwe na tochi ya kichwani kwa kila mtu, na ondoka juu dakika kumi kabla ya wengine.

Maoni yangu ni asubuhi. Jua linakuwa nyuma ya tao, picha inatoka na giza giza, na hilo ndilo unalopoteza. Unachopata ni mwamba uliopoa, maegesho, na ile mistari ya vilima vya kale inayoonekana vizuri zaidi kwa nuru ya ubavuni kuliko saa nyingine yoyote. Mtu aliyezoea jua la Afrika Mashariki, ambalo halipishani sana mwaka mzima, ahesabu upya: mwezi Juni linachomoza hapa kabla kidogo ya saa 12 asubuhi na kuzama karibu saa 3 kasorobo usiku, Desemba linachomoza saa 1 na nusu na kuzama saa 11 jioni. Wastani wa joto la mchana Julai ni nyuzi 38, na usiku wa Januari hushuka mpaka sita chini ya sifuri. Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba ndiyo miezi ya kuchagua. Kati ya saa 5 asubuhi na saa 11 jioni wakati wa kiangazi usipande kabisa.

Mwisho wa kiangazi alasiri huleta mawingu ya radi, na juu ya mteremko ule wewe ndiwe kitu kirefu kuliko vyote. Ukisikia ngurumo, shuka. Usijifiche chini ya mti pekee wala ndani ya tundu la mwamba. Mtandao wa simu usiutegemee, kwa hiyo pakua ramani mjini na mwambie mtu saa unayotarajia kurudi. Mwenzako akianza kuongea ovyo, kuyumba, au ngozi ikiwa moto bila jasho, mtafutie kivuli, mmwagie maji, mpepee, na mtume mtu mwenye miguu myepesi ashuke akapige 911. Usimkokote ashuke juani.

Saa mbili mpaka tatu zinatosha kwa yote haya, pamoja na kukaa juu. Mzee au mwenye magoti mabovu aendeshwe mbele ya Wolfe Ranch kilomita 2 nyingine kwenye barabara hiyo hiyo, mpaka mahali pa kutazamia. Kuna pa chini, mita mia moja tambarare ambazo hata kiti cha magurudumu kinapita, na pa juu, chini ya kilomita moja yenye ngazi. Kutoka huko tao ni dogo, liko ng'ambo ya korongo; beba darubini. Kwa wenye watoto wadogo, Double Arch ina thamani zaidi: chini ya kilomita moja kwenda na kurudi, njia ya mchanga karibu tambarare, na tao la kusini lenye upana wa mita 44 ambalo unaweza kusimama chini yake. Sand Dune Arch ni fupi zaidi, nusu kilomita, ndani ya kichochoro chenye kivuli na mchanga mwingi wa kuchezea. Hapo ndipo pa kumalizia mchana, wakati mteremko wa Delicate Arch hauendeki.